Namna ya Kuwatazama Samaki Wekundu wa Usiku Mwambani Bila Kuwasumbua

Samaki wekundu wenye macho makubwa, wa jenasi ya Myripristis, hulala mchana na kula usiku. Kwa hiyo anayetaka kuyafahamu maisha yao katika matumbawe ya kisiwa cha Mafia, Tanzania, hana budi kuuzuru mwamba uleule mara mbili.

Chagua msimu wa kaskazi na siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo, kwa kuwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo katika milango ya Ghuba ya Chole huweza kumchukua hata mwogeleaji hodari. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, hivyo lipa kiingilio, na uongozane na mzamiaji mwenyeji anayeijua mikondo.

Mchana, chungulia ndani ya mapango na chini ya kingo za mwamba. Utawakuta wamejikusanya kivulini, na baadhi yao huelea kichwachini-miguujuu, tumbo likiwa limeelekea dari la pango. Tazama shavu kwa makini: mwenye mwiba mrefu kwenye kifuniko cha shavu ni binamu yao, Sargocentron, ambaye mwiba wake katika baadhi ya spishi una sumu, kwa hiyo usiingize mkono pangoni kamwe.

Jioni, rudi kabla ya jua kuzama, utulie kando ya pango wala si mbele ya mlango wake, bila kukanyaga wala kushika tumbawe. Hufuata kipindi kifupi ambapo pono, samaki wa mchana, wamekwisha kujificha na mwamba huonekana mtupu; wengi huondoka hapo, nami naona wanajinyima sehemu bora kuliko zote. Takriban nusu saa baada ya machweo, samaki hutoka pangoni na kupanda kwenye maji yaliyo juu ya mwamba, wakatafute viumbe wadogo waeleao, wakiwemo viluwiluwi wa kaa na kamba. Maji hufyonza miale myekundu kabla ya mingine, kwa hiyo katika mwanga huo hafifu huonekana weusi, na weusi huo huwakinga dhidi ya wawindaji.

Funika tochi kwa nailoni nyekundu na uielekeze mchangani, kwa sababu mwanga mweupe huwapofusha au kuwarudisha pangoni. Ukisikia mkoromo mfupi, samaki anatikisa kifuko chake cha hewa kwa misuli kutoa onyo: umekaribia mno, rudi nyuma polepole.