Kumfundisha Kipa Anayeanza: Aanguke Kabla ya Kuruka

Makocha wa vijana hapa Kisumu huniuliza kila mara kwa nini kipa wao anaukimbia mpira, na kwa kuwa jibu ni lile lile, naliandika hapa.

1. Mchague anayependa kudaka, si anayeshindwa kukimbia.

2. Watoto wa miaka 8 hadi 11 watumie mpira wa nambari 4, ulio mdogo kuliko wa watu wazima.

3. Mpira wa juu: vidole vielekee juu, gumba zikaribiane nyuma ya mpira. Mpira wa chini: vidole vielekee ardhini, vile vidogo vikaribiane.

4. Kuanguka. Hapa ndipo makipa wengi huharibiwa, maana kocha huanza kuwarushia mipira ya pembeni siku ya kwanza. Mtoto asiyejua kuanguka hutanguliza kiwiko, na katika viwanja vyetu vya udongo mweusi, ambao kiangazi huufanya mgumu na wenye nyufa, akiumia mara moja ataogopa msimu mzima. Aanze akiwa ameketi, kisha apige magoti, kisha achuchumae, ndipo asimame. Ardhi ipokee upande wa mguu, paja, nyonga, ubavu na hatimaye bega, huku mikono yote miwili ikiwa mbele ya uso. Asilalie tumbo wala kiwiko. Ukimwona anafumba macho, mrudishe hatua moja nyuma.

5. Asimame kati ya mpira na katikati ya lango lenye upana wa mita 7.32, na mpigaji akikaribia, asogee mbele kumfinyia nafasi.

Maswali

Nakuru: Kipa wangu ana miaka 10. Tuanze na penalti?
Jibu: Hapana. Soma hatua ya nne.

Nakuru: Lakini mechi ni Jumamosi.
Jibu: Mechi haibadilishi mpangilio wa mafunzo.

Kakamega: Mwalimu, huku mvua hunyesha kila alasiri na mpira unateleza. Nimsaidieje binti yangu?
Jibu: Swali zuri, dada. Uloweshe mpira makusudi mazoezini. Mfundishe kuweka kifua au goti nyuma ya mikono, ili mpira ukiponyoka ugonge mwili. Mpira asioweza kuudaka auelekeze pembeni, kamwe si mbele ya lango. Glavu azioshe kwa maji na kuzianika kivulini, kwa sababu jua hukausha na kupasua raba ya viganjani.

Ahero: Anaruhusiwa kuushika mpira kwa muda gani?
Jibu: Tangu msimu wa 2025/26 ni sekunde 8, akizidisha, wapinzani hupewa kona. Mwamuzi huonyesha sekunde 5 za mwisho kwa vidole vya mkono ulioinuliwa, kwa hiyo mzoeshe kumtazama.