Somo: Namna ya kuendesha kwa haki shindano la kuwinda nguruwe mwitu kwa mbwa

Shindano la kuwinda nguruwe mwitu kwa mbwa huharibika kabla mbwa wa kwanza hajashushwa garini. Huharibika pale waandaaji wanapotangaza kwamba zawadi ni ya mwenye mnyama mzito kuliko wote, kisha wakanyamaza kuhusu mahali alipokamatwa, saa aliyokamatwa, idadi ya mbwa waliotumika na ruhusa ya mwenye ardhi. Nimeandika somo hili kwa kuangalia hasa hali ya Texas, kwa sababu huko ndiko mashindano haya yalikoshamiri na ndiko wanachama wetu kadhaa wa Houston, Dallas na miji ya jirani wanakoalikwa kushiriki au kuwa waamuzi. Pale ambapo New Zealand ina utaratibu ulio bora zaidi, nitausema.

Nguruwe hawa si wanyama wa asili wa Marekani. Msafara wa Mhispania Hernando de Soto uliwafikisha nguruwe Florida mwaka 1539, na baadaye wakachanganyika na nguruwe wa kufugwa waliotoroka pamoja na nguruwe mwitu wa Ulaya walioletwa kwa ajili ya uwindaji. Leo wanahesabiwa kwa mamilioni, wanafukua mashamba ya mahindi na karanga usiku kucha, na sheria haiwalindi. Tangu tarehe 1 Septemba 2019, mtu mwenye ruhusa ya mwenye ardhi hahitaji hata leseni ya uwindaji ili kuwawinda katika ardhi binafsi ya Texas. Uhuru huo mkubwa ndio unaofanya kanuni za shindano kuwa na uzito, kwa kuwa hakuna msimu wala kikomo cha idadi ambacho serikali imeweka kwa niaba yenu.

Hatua ya kwanza: amueni mnachokipima

Mashindano mengi hutoa zawadi kwa dume zito kuliko wote, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo kibaya kuliko vyote kikitumika peke yake. Wapo wawindaji ambao humkamata dume, humhasi na kumwachia ili anenepe na nyama yake ipoteze harufu kali. Mnyama wa namna hiyo, akikamatwa tena baada ya mwaka au miaka miwili, huwa na uzito ambao dume la kawaida halifikii. Kama kanuni hazisemi lolote kumhusu, mshindi atakuwa yule aliyefuga kwa siri, na mwenye ujuzi wa kuwinda ataondoka mikono mitupu. Andikeni wazi: ama dume lililohasiwa halikubaliki, ama lina kundi lake na zawadi yake.

Napendekeza zawadi kuu itolewe kwa jumla ya uzito wa nguruwe watatu, ambao angalau mmoja wao ni jike. Wataalamu wa Texas wanakadiria kwamba inabidi kuondoa takriban theluthi mbili ya nguruwe kila mwaka ili idadi yao isiongezeke, na anayeongeza idadi hiyo ni jike anayebeba mimba kwa siku zipatazo 115 tu. Shindano linalomdharau jike haliwezi kumwambia mkulima kwamba linamsaidia. New Zealand huongeza kundi la chonge ndefu zaidi, nalo ni zuri, kwani humpa nafasi mwenye mbwa wachache aliyepata dume kuukuu lililokonda.

Hatua ya pili: muda, mipaka na ruhusa

Wekeni saa ya kuanza na saa ya mwisho ya kufika kwenye mizani. Kila timu iwasilishe kabla ya kuanza ruhusa ya maandishi ya mwenye ranchi pamoja na ramani ya mipaka. Karibu ardhi yote ya Texas ni mali ya watu binafsi, na kuingia bila idhini ni kosa la jinai. Vilevile kataeni maeneo yaliyozungushiwa uzio mrefu ambamo nguruwe hununuliwa na kuachiwa, kwa sababu humo mbwa hawatafuti, bali wanapelekwa.

Hatua ya tatu: mbwa

Kuna kazi mbili, na mwamuzi asiyezitofautisha hawezi kusikiliza shauri lolote. Mbwa wa kuzingira, kama vile Catahoula, Black Mouth Cur au Plott, hunusa nyayo, humfikia nguruwe, kisha humzunguka na kubweka bila kumng'ata ili asimame. Mbwa wa kukamata, ambaye mara nyingi ni American Bulldog au pitibuli, hushikiliwa kwa mnyororo hadi nguruwe amesimamishwa, ndipo aachiwe amng'ang'anie sikioni au shavuni.

Wekeni kikomo cha idadi ya mbwa kwa kila timu, na ndani yake kikomo kikali zaidi cha mbwa wa kukamata. Mimi huona mbwa sita wanatosha, ambao kati yao wa kukamata wasizidi wawili. Mwenye mbwa ishirini huzoa pori zima kwa wingi wao, ilhali shindano hili linapaswa kupima malezi ya mbwa na maarifa ya mwindaji. Kila mbwa wa kukamata avae fulana ya kinga na kola pana ya shingoni, maana chonge ya dume hukata kama wembe. Lakini fulana hiyo hiyo hubana joto, na mbwa anayepigana usiku wa Julai huko Texas anaweza kufa kwa joto bila kuwa na jeraha hata moja. Kwa hiyo kanuni ya fulana iambatane na kanuni ya maji na kupumzika, na shindano la kiangazi lisiruhusu uwindaji wa mchana.

Hatua ya nne: namna ya kuua

Nguruwe akishashikwa, mwindaji humshika miguu ya nyuma, humwangusha na kumchoma kisu nyuma ya bega hadi moyoni, au humpiga risasi pale ambapo hakuna mbwa anayeweza kudhurika. Jambo hili likamilike mara moja. Timu inayowaacha mbwa waendelee kumrarua mnyama aliyekwisha kuzidiwa, kwa ajili ya kupiga video, iondolewe mashindanoni bila onyo. Kila timu pia ibebe kabari ya mbao ya kufungulia taya za mbwa anayekataa kuachia.

Naomba jambo hili lisichanganywe na pambano la kizimbani, ambamo nguruwe aliyekatwa chonge huachiwa mbwa mbele ya watazamaji. Louisiana ililipiga marufuku mwaka 2004, na ilifanya vyema. Mashindano ya kubweka yanayofanyika Winnfield katika jimbo hilo hilo tangu mwaka 1995 ni kitu kingine: hapo mbwa hupewa alama kwa kumkabili na kumbwekea nguruwe, na anayemng'ata hupoteza alama.

Hatua ya tano: ushahidi wa porini

Kola ya GPS, yaani ile inayoonyesha kwa setilaiti mahali alipo mbwa, ndiyo shahidi wenu mkuu. Huhifadhi njia ya kila mbwa na saa ya kila hatua, kiasi kwamba mwamuzi anaweza kuona mbwa walishushwa wapi, walikimbia umbali gani na walisimama wapi wakibweka. Itakeni kila timu ikabidhi kumbukumbu hiyo pamoja na nguruwe. Kumbukumbu inayoonyesha mbwa wakisimama mita hamsini kutoka garini dakika mbili baada ya kushushwa inahitaji maelezo, kwa kuwa huenda nguruwe alitolewa kwenye kizimba cha mtego. Ongezeni picha ya nguruwe mahali alipoanguka, akiwa na kitambulisho cha shindano ambacho rangi yake hutangazwa saa ileile ya kuanza, si siku iliyotangulia.

Hatua ya sita: mizani na ukaguzi

Mizani ijaribiwe hadharani kwa kitu ambacho uzito wake unajulikana, asubuhi na tena kabla ya mnyama wa mwisho kupimwa. Kisha mwamuzi amchunguze kila nguruwe kwa mpangilio uleule, awe wa rafiki au wa mgeni.

Aanze na pua. Nguruwe aliyekaa ndani ya mtego hugongagonga waya hadi ngozi ya juu ya pua ichubuke na kubaki nyekundu, na wakati mwingine utaona mistari iliyoachwa na waya huo. Atazame masikio na mashavu: nguruwe aliyekamatwa na mbwa ana alama za meno zilizovuja damu, na alama zilizotobolewa baada ya kifo hazina damu iliyoganda chini ya ngozi. Akague masikio kama yana mikato ya zamani ya kumtia alama, na sehemu za uzazi kama zina kovu la kuhasiwa. Apitishe kipimajoto ndani ya paja, kwani nguruwe aliye hai ana joto la takriban nyuzi 39 za Selsiasi, na mnyama mkubwa hupoa polepole. Mnyama anayedaiwa kuuawa saa moja iliyopita lakini paja lake ni baridi hadi mfupani alitoka kwenye jokofu.

Mwisho ni tumbo. Septemba 2022, katika shindano la uvuvi kwenye Ziwa Erie huko Cleveland, mwamuzi alipasua samaki waliokuwa wakielekea kushinda akakuta ndani yake vipande vya madini ya risasi na minofu ya samaki wengine. Nguruwe ana nafasi kubwa zaidi ya kufichia mawe au maji. Ndiyo maana naunga mkono utaratibu wa New Zealand wa kumpima nguruwe aliyekwisha kutolewa matumbo. Udhaifu wake ni kwamba anayempasua hukutana na damu na majimaji, na nguruwe hawa hubeba bruselosisi, ugonjwa wa bakteria ambao humwambukiza binadamu kupitia mikwaruzo midogo mikononi. Glavu na miwani ya kinga viwe sharti, na asiyekuwa navyo asipasue.

Hatua ya saba: malalamiko

Malalamiko yapokelewe kwa maandishi ndani ya saa moja baada ya mizani kufungwa, na waamuzi watatu wasiokuwa na timu wayaamue. Zawadi isitolewe kabla ya hapo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Houston: Mwalimu, mbwa wangu walimwanzisha nguruwe ndani ya ranchi niliyoruhusiwa, lakini wakavuka uzio na kumsimamisha kwa jirani. Nilimpigia jirani simu, akakubali niingie. Je, nguruwe huyo anahesabiwa?

Jibu: Ndugu yangu, ulifanya vyema kupiga simu kabla ya kuvuka. Kisheria idhini ya jirani inakutosha kuingia. Kimashindano inategemea kanuni zenu, nami ningemhesabu iwapo idhini ilipatikana kabla hujavuka na kuna ujumbe wa simu unaoonyesha saa. Asiyepata idhini awaite mbwa wake kwa kola, na asipofaulu, apige simu kwa mwamuzi na kumsahau nguruwe huyo.

Mwanachama wa Fort Worth: Timu mbili zimekuta mbwa wao wanambwekea nguruwe mmoja. Ni wa nani?

Jibu: Ni wa timu ambayo kola zake zinaonyesha mbwa wake walisimama hapo kwanza. Kama tofauti ni ndogo kuliko usahihi wa vifaa vyenyewe, uzito ugawanywe nusu kwa nusu. Mbwa wa kukamata asiachiwe kabla wenye mbwa hawajaelewana, kwa sababu mbwa wa timu mbili hugeukiana wenyewe kwa wenyewe.

Mwanachama wa Dallas: Kaka, waandaaji wetu wanataka mshindi akalishwe kwenye mashine ya kupima uongo. Je, ni haki?

Jibu: Ni desturi katika mashindano mengi ya Texas, na hofu yake huwazuia baadhi ya walaghai. Hata hivyo, mahakama za jinai za jimbo hilo hazipokei matokeo ya mashine hiyo kama ushahidi, nami siwezi kukubali mtu avuliwe ushindi kwa sababu tu moyo wake ulienda mbio. Itumieni kuamua nani akaguliwe zaidi, na uamuzi wenyewe utokane na kola, kipimajoto na tumbo.

Mwanachama wa Austin: Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu na nimeombwa kusaidia. Ipo kazi isiyonilazimu kumgusa nguruwe?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Zipo: kutunza saa, kukagua ruhusa na ramani, na kusoma kumbukumbu za GPS, kazi ambayo mashindano mengi hukosa mtu makini wa kuifanya. Kuhusu hukumu ya dini juu ya kushiriki kwenyewe, muulize sheikh wako.

Mwanachama wa San Antonio: Mbwa wangu alichanwa kifuani ikiwa imebaki saa moja. Nikimpeleka kwa daktari wa mifugo, nachelewa mizani.

Jibu: Hakuna kanuni inayoniuma kukosekana kama hii. Timu yenye mbwa aliyejeruhiwa ipige simu, itume picha ya jeraha, na iruhusiwe kumwachia mwamuzi nguruwe wake njiani au kuletewa mizani baadaye. Mwindaji asiwekwe mahali pa kuchagua kati ya zawadi na uhai wa mbwa wake.

Mwanachama wa Nakuru: Je, tunaweza kuanzisha shindano kama hili huku nyumbani?

Jibu: Hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na ngiri na nguruwe mwitu wa huko ni wanyama wa asili wa nchi, si wavamizi kama hawa wa Texas. Nguruwe wakikusumbua shambani, peleka taarifa KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori.

Mwanachama wa Houston tena: Na nyama, tunaweza kuiuza ili kulipia gharama?

Jibu: Hapana, kwa kuwa haikukaguliwa wakati wa kuchinjwa. Gaweni kwa wanaoitaka, ipikwe hadi nyuzi 71 za Selsiasi ndani kabisa, na msiwape mbwa nyama mbichi wala matumbo, kwani nguruwe hawa hubeba pia ugonjwa wa Aujeszky, ambao mbwa akiupata hufa.