Namna ya Kusoma Ramani za Kale za Nairobi

Anayetaka kuuelewa ukoloni kupitia ramani asianze kwa kuutafuta mtaa wake, bali aanze na pembe za karatasi, ambako kwa kawaida huandikwa mwaka, kipimo na idara iliyoitoa. Mwaka ukiwa umefutika, majina yatausema. Ramani inayoonyesha Delamere Avenue mahali pa Kenyatta Avenue, au Government Road mahali pa Moi Avenue, ilichorwa kabla ya majina hayo kubadilishwa, na ile isiyoitaja nchi hii kwa jina la Kenya yaelekea ni ya kabla ya 1920, tulipofanywa koloni. River Road haikubadilishwa jina, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia kulinganisha.

Kisha jiulize ramani ilimfaa nani. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, waliohitaji mchoro ni wale waliotaka kujua stesheni, karakana na nyumba za wafanyakazi zitakaa wapi. Enkare Nairobi ya Wamaasai, yaani maji baridi, ikabaki jina tu. Baadaye zikaja sheria za ardhi za 1902 na 1915, na mpimaji akawa mtu wa kugawa viwanja. Kwa sababu hiyo, usidhani kwamba pasipochorwa kitu hapakuwa na watu.

Pangani ndipo mahali pa kujifunzia hasa. Tandaza ramani mbili mezani, moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 na nyingine ya miaka ya 1940, uweke karatasi ya kunakilia juu ya ile ya kwanza, ufuatishe mto na barabara kuu kwa penseli, kisha uihamishie karatasi hiyo kwenye ile ya pili. Kijiji cha Waafrika, ambamo wanawake wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe za kupangisha, kilibomolewa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930, na wakazi wakahamishiwa Shauri Moyo. Ramani ya pili haina alama ya ubomoaji. Inakuonyesha mpangilio mpya kana kwamba ulikuwapo tangu hapo, na ni pengo kati ya karatasi hizo mbili linalopaswa kukupeleka kwenye mafaili ya Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue.

Vipimo visikusumbue: ekari moja ni takriban hekta 0.4, na futi moja ni kama sentimita 30.

Mwisho, nenda mtaani. Kariakor, kwa mfano, ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na wapo wazee wanaoweza kukueleza yaliyofuata. Ila muulize mzee kabla hujaikunjua ramani, kwa maana akishaiona ataanza kukueleza ramani badala ya mtaa.