Usimwache akisie jina, mpe kwanza

Kwa wenye mtu aliyeumia kichwa (huku Kampala ajali za boda zinatuachia wengi) na majina yanampotea, jamani acheni ile ya "hebu kumbuka, huyu nani?" Mpe jina wewe kwanza, "huyu Nakato wa dukani", arudie hapo hapo, halafu muulize baada ya sekunde 30, akipata ngoja dakika 1, kisha 2, 4, 8. Akikwama mwambie jina saa hiyo hiyo, arudie, alafu rudi kwenye muda wa mwisho aliopata. Sababu ni kwamba kumbukumbu ikiumia, kosa alilotamka mwenyewe ndo linaganda, leo Nakato kamwita Babirye, kesho atamwita Babirye tena. Hiyo "wa dukani" usiiache, kina Nakato wako wengi na kazi ya mtu inakumbukika rahisi kuliko jina. Inagoma akiwa amechoka au redio inapiga kelele, na haitibu kumbukumbu yote, itashika majina yale tu mliyofanyia mazoezi, kwa hiyo anzeni na watu 2 au 3 anaowaona kila siku. Ila majina yakianza kupotea ghafla na kichwa kinazidi kuuma, hapo mpelekeni hospitali haraka.