Kuchagua soko la kripto ukiwa mgeni: anza na njia ya kutokea

Anayeniuliza soko gani la kripto ni zuri huwa anauliza habari za kuingia: app gani ni rahisi, ipi inatoa bonasi, ipi ina sarafu nyingi. Kutoka hakuulizwi. Kazi yangu hapa Mombasa ni kununua na kuuza USDT (sarafu ya kripto inayofuata bei ya dola) kwa shilingi, na malalamiko ninayoletewa karibu yote ni ya aina moja: pesa iliingia vizuri, kuitoa ndiko kumegoma. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyuma. Nimemkusudia mtu aliye Kenya, mwenye kitambulisho na M-Pesa, anayetaka kuanza na pesa kidogo. Walio Tanzania wana neno lao katika hatua ya pili.

Hatua ya 1: Jua shilingi zako zitarudi kwa njia gani

Soko linaweza kuwa na jina kubwa duniani, likakubali kitambulisho chako cha Kenya, na bado lisiwe na shilingi hata moja ndani yake. Utanunua kwa kadi ya benki dakika tano, halafu siku ya kutoa utakuta wanalipa kwenye akaunti za benki za nchi nyingine tu. Hapo itabidi uhamishe sarafu zako hadi soko jingine ndipo uuze, na kila uhamisho una makato yake.

Kwa hiyo kabla hujajisajili popote, fungua ukurasa wao wa msaada, nenda sehemu ya kutoa pesa, utafute KES, yaani shilingi ya Kenya. Wachache hulipa M-Pesa moja kwa moja kupitia kampuni ya kati. Wengi watakuelekeza P2P, yaani unamuuzia mtu mwingine sarafu zako naye anakutumia M-Pesa, huku soko likizishikilia sarafu mpaka muafikiane kwamba pesa imefika.

Kama ni P2P, usitosheke na kuona neno hilo limeandikwa. Ingia kwenye ukurasa wenyewe, chagua USDT na KES, kisha bonyeza upande wa kuuza, si wa kununua. Andika 2,000 kwenye nafasi ya kiasi. Sasa hesabu wanunuzi wanaobaki. Pengine matangazo yatakuwa mengi lakini kila mmoja anataka kuanzia shilingi 20,000 au 50,000. Soko hilo ni la watu wengine, si lako, hata liwe na sifa gani. Angalia tena saa nne usiku, maana kuna masoko yaliyochangamka mchana ambayo usiku yana wanunuzi wawili tu, na bei zao ni za kuonea watu.

Hatua ya 2: Uliza sheria inasemaje

Kwa miaka mingi jibu la Kenya lilikuwa onyo la Benki Kuu la Desemba 2015, kwamba bitcoin si pesa halali na atakayeumia ameumia. Mambo yalibadilika Oktoba 2025, Rais Ruto alipotia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali. Sasa wasimamizi ni wawili, Benki Kuu (CBK) na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA), na soko linalohudumia Wakenya linatakiwa kuwa na leseni. Tangazo likikuambia "tumeidhinishwa Kenya", usilijibu kwa kuamini wala kwa kubisha. Nenda tovuti ya CBK au ya CMA ukalitafute jina hilo. Kuwa na cheti cha kuandikisha kampuni si kuwa na leseni, na matapeli wanapenda sana kuonyesha kile cheti.

Kodi nayo imebadilika. Ile asilimia 3 ya thamani ya muamala, iliyoanza Septemba 2023, imefutwa. Tangu Julai 2025 kuna ushuru wa asilimia 10, lakini unatozwa juu ya ada ya soko, si juu ya pesa yako yote. Soko likikukata ada ya shilingi 10, ushuru ni shilingi moja.

Tanzania hali ni tofauti. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 la kukataza biashara ya sarafu hizi, kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa uhamishaji wa mali za kidijitali. Tangazo la kukataza na kodi ya kulipa vinakaa pamoja, na mimi si mwanasheria wa kuvipatanisha. Ukiwa huko, pata ushauri wa sheria kwanza kabla ya kufika hatua ya tatu.

Hatua ya 3: Chunguza soko lilifanya nini siku ya shida

Umri na ukubwa havitoshi. Mt. Gox ya Tokyo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, hadi Februari 2014 ilipofilisika ikisema takriban bitcoin 850,000 hazionekani. Waliokuwa wakiidai walianza kulipwa Julai 2024, miaka kumi baadaye. Soko jingine, FTX, lilikuwa na jina lake juu ya uwanja wa mpira wa kikapu kule Miami. Novemba 2022 wateja walipokimbilia kutoa pesa, ikasimamisha kutoa, na siku chache baadaye ikaomba kufilisika, kwa sababu fedha za wateja zilikuwa zimepelekwa kwa kampuni dada, Alameda Research. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alifungwa miaka 25 mwezi Machi 2024.

Linganisha na soko la Bybit. Februari 2025 wezi walichota humo sarafu za ethereum za takriban dola bilioni 1.5, na FBI ikasema ni Korea Kaskazini. Wateja walikimbilia kutoa vilevile, lakini soko liliendelea kuwalipa. Siipigii debe Bybit. Kuibiwa kiasi hicho si sifa. Ninachosema ni kwamba ukichunguza soko, usiishie kuuliza "limewahi kuibiwa?" Uliza kama wateja waliendelea kutoa, na kama waliopoteza walilipwa.

Siku hizi masoko mengi huchapisha uthibitisho wa akiba, kuonyesha sarafu wanazoshikilia. Ni jambo jema, na lisilofanya hivyo mimi silipendekezi kwa mgeni. Lakini ujue orodha hiyo inaonyesha walicho nacho, haionyeshi wanachodaiwa kwingine.

Kuna na masoko ambayo si masoko kabisa. Dada mmoja aliniletea simu yenye app nzuri kweli, chati zinapanda na kushuka, na salio la dola 4,000. Alikuwa ameingizwa kupitia kikundi cha WhatsApp. Alipotaka kutoa, "huduma kwa wateja" wakamwambia alipe kwanza kodi ya dola 400 ndipo zitoke. Soko la kweli likitaka ada ya kutoa linaikata kwenye salio lako hapo hapo. Ukiambiwa tuma pesa mpya ili upate za zamani, hakuna za zamani. Yale maandishi ya dola 4,000 yalikuwa picha tu, na nilichoweza kumsaidia ni kumzuia asitume hizo 400.

Hatua ya 4: Jisajili kwa jina lako, uilinde akaunti

Tumia kitambulisho chako mwenyewe na laini ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina hilo hilo. Vijana wengi wanatumia laini ya jina la mama, kisha wanashangaa muuzaji wa P2P akikataa pesa yao. Ana haki ya kukataa: soko linataka jina la mlipaji lifanane na la akaunti.

Baada ya hapo, kabla ya kuweka hata shilingi, washa uthibitisho wa hatua mbili kwa app inayotoa namba za siri za kuingilia, si kwa SMS. Tapeli akifaulu kuihamisha laini yako kwenye kadi yake, SMS zote zitamfikia yeye. Washa pia orodha ya anwani (namba ndefu za kupokelea sarafu) zilizoruhusiwa kupokea, kama soko linayo. Na barua pepe uliyojisajilia iwe na nywila yake ya peke yake.

Hatua ya 5: Zungusha shilingi 2,000

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo, na ndiyo watu wanayoiruka. Chukua 2,000, nunua USDT, kaa nazo siku moja, uziuze, pesa irudi M-Pesa. Hutafuti faida. Unajaribu mlango.

Upande wa kununua, chagua muuzaji mwenye oda nyingi zilizokamilika na asilimia isiyopungua 95, usome masharti yake. Ukifungua oda, saa inaanza kuhesabu, mara nyingi dakika 15. Utapewa jina na namba. Ukiingiza namba kwenye M-Pesa, tazama jina linalotokea kabla ya kuthibitisha: likiwa tofauti na lililo kwenye oda, ghairi. Tuma kutoka laini yako, kisha ndipo ubonyeze kwamba umelipa. Ukibonyeza bila kulipa, unaweza kufungiwa. Na muuzaji akikuambia "njoo WhatsApp tumalize huku bei nzuri", achana naye. Nje ya soko hakuna anayezishikilia sarafu hizo, na mkikosana hakuna wa kuamua.

Kuuza kunahitaji macho zaidi, maana ukishaachilia sarafu hazirudi. Mnunuzi atasema ametuma. Utapata SMS. Usiitazame SMS, tazama salio. Ujumbe wa uongo unaigwa neno kwa neno, hata salio lako wanabahatisha. Tofauti ni kwamba umetoka namba ya kawaida na si MPESA. Picha ya skrini anayokutumia kwenye mazungumzo ya oda haina thamani yoyote. Salio likishaongezeka, tazama jina la aliyetuma. Kama oda ni ya Hamisi na pesa imetoka kwa Akinyi, usiachilie. Huenda Akinyi ametapeliwa mahali pengine akadhani analipia simu, na kesho ataomba Safaricom imrudishie. Fungua malalamiko ndani ya app, eleza, uambatishe ushahidi, usubiri.

Huo ndio wakati wa kuipima huduma kwa wateja. Mimi hushauri mgeni awaandikie swali hata kama hana tatizo, kwa mfano "nimebadilisha namba ya simu, nifanyeje?" Ukijibiwa na mtu anayeelewa ndani ya saa moja, vizuri. Ukizungushwa na mashine inayokurudishia viungo vile vile, jua siku shilingi 20,000 zako zitakapokwama utaongea na mashine hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Fanya hesabu ya kweli ya makato

Masoko hushindana kwa ada ya biashara, na 0.1% ndiyo utakayoiona sana. Watu hubishana asilimia hizo usiku kucha. Tazama zile 2,000 zako. Tuseme ulinunua USDT kwa shilingi 131: umepata 15.26. Siku hiyo hiyo wanunuzi wanatoa 128.50: ukiuza unapata 1,961. Shilingi 39 zimekwenda na hakuna mahali palipoandikwa "ada". Kama katikati ulibadilisha USDT kuwa bitcoin na kurudi, 0.1% mara mbili ni kama shilingi 4. Ongeza gharama ya M-Pesa ya kutuma. Kinachokula pesa ya mgeni ni pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, kwa hiyo linganisha pengo hilo kwenye masoko mawili, saa ile ile.

Kitufe kikubwa cha "nunua sasa" huficha pengo hilo ndani ya bei. Kiangalie, kisha angalia bei ya P2P au ya ukurasa wa kawaida wa biashara (spot), uone unalipia nini.

Hatua ya 7: Tazama mitandao na ada ya kuhamisha

USDT husafiri kwa mitandao kadhaa, yaani njia za kupitishia sarafu kama Ethereum, Tron na BNB Smart Chain, na soko unalochagua liwe na angalau mmoja wa bei nafuu. Ada ya USDT moja inaonekana ndogo, lakini kwa mtu wa shilingi 2,000 ni zaidi ya asilimia 6. Mara nyingi Ethereum ndio ghali. Anwani za Tron huanza na T, kwa hiyo ni vigumu kuzikosea. Hatari ni Ethereum na BNB Smart Chain: zote huanza na 0x na zinafanana kabisa, kwa hiyo anwani haitakuonya ukichagua mtandao ambao upande wa pili haupokei. Kabla ya kutuma, hakikisha masoko yote mawili yanataja mtandao ule ule, utume kidogo kwanza, usubiri kifike. XRP na sarafu nyingine chache zinahitaji pia namba ya ziada. Ukiisahau, sarafu zitafika sokoni lakini bila jina lako.

Ukishapita hapa utabaki na soko moja au mawili. Chukua yote mawili kama unaweza, ili moja likifunga kutoa usibaki mikono mitupu, na usiache humo zaidi ya unachohitaji kwa biashara ya wiki. Kisha kila miezi michache rudia ule mzunguko wa shilingi 2,000, hata kama huna shida ya pesa. Siku kutoa kunapoanza kuchukua siku mbili badala ya dakika ishirini, wakisema ni matengenezo ya mitambo, hamisha zilizobaki kwanza, maswali utauliza ukiwa nje.