Kupaka rangi chapa za magofu ya Roma kwa mtindo wa Volpato na Ducros

Kuanzia mwaka 1780 hivi, mchongaji wa chapa Giovanni Volpato wa Italia na mchoraji Louis Ducros wa Uswisi waliwauzia wasafiri waliofika Roma mandhari ya magofu yaliyochapwa kwa mistari mitupu, kisha yakapakwa rangi za maji kwa mkono. Siri iko kwenye bamba la shaba linalochongwa ili kuchapia picha: mistari iwe myembamba, michache, bila vivuli. Chapa za Piranesi, mchongaji mwingine maarufu wa magofu ya Roma, pamoja na uzuri wake wote, hazifai hapa. Weusi wake umeshamaliza kazi ya rangi. Ukipaka juu yake utapata tope.

Tumia wino wa mafuta wa kijivu au kahawia, na karatasi ya pamba ya gramu 250 hadi 300. Subiri wiki mbili wino ukauke. Karatasi nyingi za kuchapia hunywa maji mno na rangi hupauka, hivyo loweka gramu 25 za gelatini katika lita moja ya maji baridi, pasha moto hadi iyeyuke, kisha ipake kwa brashi pana. Isichemke, itapoteza nguvu. Ikishakauka, lowesha karatasi kwa maji baridi na ubandike kingo zake kwenye ubao kwa utepe wa gundi ili isijikunje.

Anza na anga. Inamisha ubao kidogo, shuka na bluu ya Prussia iliyozimuliwa sana, ukizidisha maji hadi upeo wa macho, ambako unamalizia na oka (rangi ya udongo) ya njano hafifu. Usirudi kurekebisha sehemu mbichi: maji mapya husukuma rangi na kuacha madoa yenye kingo.

Vivuli hutangulia mawe. Bluu ileile na siena iliyochomwa (rangi ya udongo ya kahawia-nyekundu) hutoa kijivu kizuri; amua jua liko upande gani, kisha paka vivuli vyote kwa mkupuo mmoja, la sivyo kila nguzo itakuwa na jua lake. Baada ya hapo oka kwa mawe, siena iliyochomwa kwa matofali, tabaka jembamba juu ya lililokauka. Kijani cha mimea kipunguzwe ukali kwa kahawia.

Rangi ikikataa kushika juu ya mistari, sababu ni mafuta ya wino. Tia tone moja la nyongo ya ng'ombe kwenye kikombe cha maji. Goashi nyeupe (rangi ya maji nzito, isiyopitisha mwanga) ibaki kwa kingo za mawe zinazopigwa na jua na nguo za watu. Bandua karatasi ikiwa imekauka kabisa.