Kuuza au kubadilishana gari la drifti lenye tabo

Anayetafuta Nissan Silvia S15 au Toyota Chaser JZX100 ya drifti (mchezo wa kuendesha gari likiteleza kwa makusudi) anajua gari limeshatandikwa. Hilo halimsumbui. Kinachomtia wasiwasi ni kufichwa, na wasiwasi huo ndio unaokata bei.

Hatua ya 1: Karatasi. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi ilingane na hati. Injini ikibadilishwa, hati nayo ibadilishwe. Silvia S13 za mwanzo zenye tabo zilitoka kiwandani na CA18DET ya lita 1.8, nyingi leo zimewekwa SR20DET ya lita 2 huku karatasi bado zikitaja injini ya zamani. Malizia hilo kabla ya kutangaza.

Hatua ya 2: Pima injini mbele ya macho. Kompresheni (presha ndani ya silinda) hupimwa injini ikiwa na moto, plagi zote zimetolewa, mafuta na umeme wa plagi vimekatwa, na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Tazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikibaki nyuma sana ya wenzake, mnunuzi makini ataigundua, basi mwambie wewe kwanza.

Tabo nayo (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini, inayozungushwa na moshi wa ekzosi) ifunguliwe bomba la kuingizia hewa, injini ikiwa imepoa. Shika mhimili. Kutikisika kidogo kwa pembeni ni kawaida kwa tabo nyingi za bushi (zisizotumia beringi za mipira). Mhimili ukienda mbele na nyuma kwa kuhisika, au mapanga yakikwaruza kasha, tabo hiyo ni ya kufunguliwa na kurekebishwa.

Hatua ya 3: Andika kila kilichofungwa: tabo, injekta, klachi, kompyuta ya injini, presha ya tabo iliyowekwa. Difu iliyochomelewa (ili tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja daima) itajwe wazi, maana kwenye kona za polepole tairi zitaburuzika na kupiga kelele, na asiyejua atadhani gari bovu. Piga picha za chini ya gari pia. Kutu na chasisi iliyonyooshwa havifichiki kwa rangi.

Hatua ya 4: Bei. Usijumlishe risiti zako. Fedha uliyomwaga kwenye vifaa hairudi yote, na mara nyingine hairudi hata nusu.

Hatua ya 5: Mkibadilishana, kila gari lipewe kwanza thamani yake ya fedha taslimu, ndipo mjue nani anaongeza juu. Wanaoruka hatua hii hubadilishana matatizo.

Maswali

Nirudishe vifaa vya kiwandani kwanza?
Ikiwa unavyo na ni vizima, vikabidhi pamoja na gari. Rimu na viti ni rahisi kuuza pembeni. Tabo na kompyuta ziache mahali pake. Ukizitenganisha, injini itahitaji kupangwa upya.

Mteja anataka alipige drifti kwanza.
Aketi pembeni, wewe uendeshe. Akitaka usukani, aache fedha kamili na makubaliano ya maandishi.

Kompyuta ina neno la siri la fundi.
Liombe, pamoja na faili la mpangilio. Bila hivyo, fundi anayefuata ataanza sifuri.

Mnunuzi wa Marekani anaitaka S15 yangu.
Kwao, gari lisilokidhi viwango vyao vya usalama husamehewa likifikisha miaka 25 tangu kutengenezwa. S15 za 1999 zilianza kufika hapo mwaka 2024, kwa hiyo mwezi wa kutengenezwa ni muhimu. Utafute kabla ya kupokea chochote.